Apple Haina Kiwanda cha Simu

Kwa miaka mingi, mgongoni mwa iPhone palikuwa na maandishi madogo ya kusoma kwa kukaza macho. Kwa Kiswahili yangesomeka hivi: imebuniwa na Apple huko California, imeunganishwa China. Yatazame vizuri. Aliyebuni ametajwa jina. Aliyeunganisha hana jina, ametajiwa nchi tu. Na wengine wote walioifikisha simu ile mkononi mwa mtu, kuanzia aliyechimba madini yake hadi mhasibu aliyeamua faida yake iandikwe nchi gani, hawamo kabisa.

Nataka kuwafuata hao wasiomo, kwa sababu bila wao hatuwezi kuielewa kampuni yenyewe. Wengi wetu tukisikia kampuni ya kimataifa tunafikiria mti mmoja mkubwa: makao makuu ndiyo shina, viwanda na matawi ndiyo matawi yake. Apple haikujengwa hivyo. Katika mwaka wa fedha wa 2024 iliuza bidhaa na huduma za dola bilioni 391, ilhali waajiriwa wake duniani kote walikuwa 164,000 hivi, wakiwemo wauzaji wa madukani. Kiwanda kimoja tu kinachounganisha iPhone katika mji wa Zhengzhou, China, kimewahi kuwa na watu zaidi ya 200,000 msimu wa kazi ulipopamba moto. Hao wa Zhengzhou hawalipwi mshahara na Apple. Wanalipwa na Foxconn.

Msomaji wa pwani hahitaji kwenda mbali ili kuuelewa mpango huu. Mwanzoni mwa karne iliyopita mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, aliuza kanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla". Mchoro ulikuwa wake, jina lilikuwa lake, na kitambaa kilichapishwa ng'ambo. Mwanamke aliyejifunga kanga ile alimjua Abdulla, lakini hakumjua mchapaji. Mpango wa Apple ni wa ukoo huohuo: mali ni mchoro na jina. Kilichoongezeka ni kwamba Apple haiishii kuutuma mchoro. Inaingia kiwandani mwa mwenzake na kupanga hata mashine zikae wapi.

Kuamuru bila kumiliki

Zamani Apple ilikuwa na viwanda vyake. Kompyuta za Macintosh zilitengenezwa Fremont, California, kuanzia 1984, na kiwanda cha Cork, Ireland, kilikuwa kimefunguliwa miaka minne kabla yake. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ilikuwa ikipata hasara kubwa, na mwaka 1996 ikauza kiwanda chake cha Colorado kwa mkandarasi. Mwaka 1998 Steve Jobs alimwajiri Tim Cook, ambaye leo anajulikana kama mtendaji mkuu aliyempokea kijiti Jobs mwaka 2011. Kazi ya Cook ilikuwa kupanga upya uzalishaji. Alifunga maghala, akapunguza idadi ya wauzaji wa vipuri, na akahakikisha mzigo haulali. Kwa biashara ya kompyuta, bidhaa iliyolala ghalani ni kama samaki aliyelala juani: kila siku inayopita bei yake inashuka.

Aliyefaidika na mpango huo ni Hon Hai ya Taiwan, inayojulikana zaidi kwa jina la Foxconn. Terry Gou aliianzisha mwaka 1974 akitengeneza vifundo vya plastiki vya kubadilishia stesheni kwenye televisheni. Mwaka 1988 alivuka na kufungua kiwanda Shenzhen, China bara. Mwaka 2010 akajenga Zhengzhou.

Sasa, kampuni inawezaje kuamuru kiwanda kisicho chake? Hapa ndipo pana kiini cha jambo zima, na ndipo maelezo mengi ya magazetini hupita haraka mno. Neno "mkandarasi" linamfanya mtu afikirie mteja anayeagiza na fundi anayejua kazi yake. Ukweli ni kwamba Apple hununua kwa fedha zake mashine nyingi za kukata, kuchonga na kupima, kisha huziweka ndani ya viwanda vya wakandarasi. Jengo ni la mwingine, wafanyakazi ni wa mwingine, mashine ni ya Apple. Mkandarasi hawezi kuitumia kumtengenezea mshindani. Wahandisi wa Apple nao husafiri na kukaa kiwandani kwa wiki na miezi hadi bidhaa mpya itoke sawasawa.

Halafu kuna vipuri. Apple hujadiliana bei moja kwa moja na watengenezaji wa vioo, kamera na chipu za kumbukumbu, hivyo anayeunganisha hana nafasi kubwa ya kujiongezea faida hapo. Anabaki na ujira wa kuunganisha, na ujira huo Apple inaujua hadi senti. Panapowezekana, kila kipuri kina wauzaji wawili wanaochungana. Na kipuri kikiwa adimu, Apple hutumia fedha zake kukifunga mapema. Mwaka 2005, wakati wa iPod, ilikubali kulipa kabla dola bilioni 1.25 kwa kampuni tano za kutengeneza chipu za kumbukumbu, na washindani wake wakabaki kugombea kilichosalia.

Matokeo yake yanaonekana kwenye mgawanyo wa fedha. Watafiti watatu wa Marekani waliichambua iPhone 4 ya mwaka 2010 na kuchapisha hesabu zao mwaka uliofuata: katika bei ya simu moja, Apple ilibaki na asilimia 58.5 kama faida, na ujira wa wafanyakazi wote wa China ulikuwa asilimia 1.8. Hesabu hiyo ni ya simu ya zamani na China imepanda ngazi tangu hapo, ikitengeneza vipuri vyenye thamani kubwa zaidi. Hata hivyo inaeleza vizuri kwa nini Apple haikuhangaika kumiliki viwanda. Fedha haikuwa huko.

Kilichokuwa huko ni mzigo wa msimu. Simu mpya hutangazwa Septemba. Kuanzia Julai maagizo yanafurika, na baada ya sikukuu za Desemba yanakupwa. Ratiba inapangwa Cupertino, California, yaliko makao makuu ya Apple, lakini maji yanapojaa na kupwa, wanaosukumwa ni watu wa Zhengzhou: wanaajiriwa kwa makumi ya maelfu kwa bonasi za muda, wanafanya saa za ziada, kisha kazi inaisha. Sheria ya China inataka vibarua wa muda wasizidi asilimia 10 ya nguvu kazi. Mwaka 2019 Apple na Foxconn zilikiri kwamba kiwango hicho kilipitwa Zhengzhou. Kabla ya hapo, mwaka 2010, wafanyakazi vijana wa Foxconn, wengi wao wa Shenzhen, walijirusha kutoka maghorofani mmoja baada ya mwingine, na kampuni ikafunga nyavu kuzunguka mabweni. Ukaguzi wa mwaka 2012, ambao Apple yenyewe iliuomba, ulikuta watu wakifanya kazi zaidi ya saa 60 kwa wiki. Na mwishoni mwa 2022, korona ilipoingia Zhengzhou na kiwanda kikafungwa kwa ndani, wafanyakazi waliruka uzio na kurudi vijijini kwa miguu kupitia mashambani, mabegi mgongoni. Wiki chache baadaye wapya walioletwa kuziba pengo waligombana na polisi kwa sababu ya malipo waliyoahidiwa.

Naamini hayo hayakutokea kwa sababu ya ukatili wa meneja fulani. Ni matunda ya ratiba yenyewe. Anayeamua tarehe ya simu kutoka hayupo mahali ambapo tarehe hiyo inauma.

Tangu wakati huo Apple imekuwa ikihamisha sehemu ya kazi. AirPods nyingi zinatoka Vietnam. India ilianza kuunganisha iPhone mwaka 2017, na mwaka 2025, Rais Trump alipotoza ushuru mzito bidhaa za China, Cook alisema anatarajia simu nyingi za soko la Marekani zitoke India. Kazi ilipohama, mpango wake ulihama nayo, na matatizo yakafuata. Desemba 2021, karibu na Chennai, wafanyakazi wa kike wa Foxconn walifunga barabara kuu baada ya wenzao zaidi ya 250 kuugua kutokana na chakula cha bwenini.

Kuna mahali pamoja ambapo Apple haina nguvu hizo. Chipu zake inazichora yenyewe kwa kutumia misingi ya kampuni ya Arm ya Cambridge, Uingereza, lakini wa kuzichapa ni TSMC ya Taiwan, iliyoanzishwa na Morris Chang mwaka 1987, kwa mashine zinazotengenezwa na ASML peke yake huko Veldhoven, Uholanzi. Hapo hakuna muuzaji wa pili wa kumchunga wa kwanza. Kampuni inayobana kila mtu inaegemea kisiwa kimoja ambacho China inadai ni chake.

Faida isiyo na nchi

Turudi kwenye kanga. Tuseme mwenye mchoro yuko Mombasa. Siku moja anaandika mkataba: mpwa wake aliyeko mji mwingine atachangia gharama za kuchora, na kwa mchango huo atakuwa na haki ya kuuza michoro ile nje ya Mombasa. Wachoraji bado ni walewale, meza ileile. Ila kila kanga ikiuzwa nje, faida inaandikwa kwenye daftari la mpwa. Na mji wa mpwa hautozi kodi.

Ndivyo ilivyokuwa Ireland hadi 2014. Kampuni tanzu mbili zilizosajiliwa huko, moja ikiitwa Apple Sales International, zilichangia gharama za utafiti unaofanyika California, na kwa hiyo zikashika haki ya kutumia ubunifu wa Apple nje ya mabara mawili ya Amerika. Mfaransa aliyeingia duka la Paris na kutoka na simu mfukoni, kwa mujibu wa mkataba alikuwa amenunua kutoka Ireland. Eneo la kampuni hiyo lilikuwa Ulaya, Mashariki ya Kati, India na Afrika. Kwa hiyo na sisi tulikuwemo kwenye daftari lile.

Faida ikishafika Ireland, ilihamishiwa kwa kiasi kikubwa kwenye "makao makuu" ya kampuni tanzu hiyo. Tume ya Ulaya ilipochunguza ilikuta makao makuu hayo hayana nchi, hayana mfanyakazi, hayana ofisi. Yalikuwa kwenye karatasi. Mwaka 2011 Apple Sales International ilipata faida ya takriban euro bilioni 16, na kodi iliyolipwa Ireland ilikuwa chini ya euro milioni 10. Kufikia 2014 kiwango halisi kilikuwa kimeshuka hadi euro 50 kwa kila milioni moja ya faida.

Ilikuwaje sheria ikaruhusu? Maseneta wa Marekani waliuliza swali hilohilo Mei 2013, Tim Cook akiwa amekaa mbele yao. Jibu ni rahisi kuliko linavyoonekana. Sheria ya Ireland ya wakati ule iliangalia kampuni inaongozwa kutoka wapi. Sheria ya Marekani iliangalia kampuni imesajiliwa wapi. Kampuni iliyosajiliwa Ireland na kuongozwa kutoka Marekani ikaponyoka kote kuwili. Juu ya hapo, serikali ya Ireland ilikuwa imeipa Apple barua za makubaliano ya kodi mwaka 1991 na 2007 zinazokubali jinsi faida ilivyogawanywa.

Agosti 2016 Kamishna wa ushindani wa Tume ya Ulaya, Margrethe Vestager, alitangaza kwamba barua zile zilikuwa msaada haramu wa serikali, na Apple ilipe Ireland euro bilioni 13 pamoja na riba. Ireland ikakata rufaa kuzikataa fedha hizo. Jambo hili huwashangaza watu, lakini lina mantiki yake: nchi ndogo iliyojenga uchumi wake kwa kuvutia kampuni za Marekani haikutaka kuonekana inageuka. Apple kwa upande wake ilisema faida ile ni matunda ya kazi ya California na inadaiwa kodi Marekani. Mahakama ya chini iliwapa ushindi mwaka 2020. Tarehe 10 Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikatoa hukumu ya mwisho, na Apple ikashindwa. Nchi za Afrika zilizokuwa chini ya daftari lilelile hazikuwa na tume ya kuwasemea.

Kolwezi na Rubaya

Mwanzo wa mnyororo uko mahali ambapo Kiswahili kinasemwa kila siku. Betri ya simu inahitaji kobalti, na sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Mingi huchimbwa na migodi mikubwa ya mitambo. Sehemu nyingine huchimbwa na wachimbaji wadogo kwa sululu na mikono. Katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, watu walichimba hadi chini ya sakafu za nyumba zao walipogundua wamelala juu ya madini.

Ufuate mfuko mmoja. Mchimbaji anamwuzia dalali. Dalali anauza kwenye vituo vya kununulia, na miaka hiyo mnunuzi mkubwa alikuwa Congo Dongfang Mining, kampuni tanzu ya Huayou Cobalt ya China. Mzigo unasafirishwa China kusafishwa, unauzwa kwa mtengenezaji wa kemikali za betri, kisha kwa mtengenezaji wa betri, kisha unafika kwa anayeunganisha simu. Mahali pa kuamua ni tanuri la kusafishia. Kabla ya hapo mfuko una mwenyewe na kijiji chake. Ukishayeyushwa pamoja na wa wengine, hakuna maabara ya kawaida itakayokuambia hiki kilitoka kwa mtoto na hiki kilitoka mgodi wa mitambo. Ndiyo maana ripoti ya Amnesty International na shirika la Kikongo Afrewatch ya Januari 2016, iliyofuata njia hiyo hatua kwa hatua, ilitikisa. Mwaka uliofuata Apple ilisema imeacha kwa muda kununua kobalti ya wachimbaji wadogo kupitia Huayou, na mwaka 2023 ikaahidi kwamba kufikia 2025 betri ilizozibuni yenyewe zitatumia kobalti iliyorejelewa tu.

Desemba 2019 familia za watoto waliokufa au kulemazwa migodini zilifungua kesi Washington dhidi ya Apple na kampuni nyingine nne. Machi 2024 mahakama ya rufaa iliitupa. Majaji hawakusema watoto hawakuumia. Walisema kununua kupitia mnyororo wa dunia si kushiriki katika shughuli moja na wale wanaowatumikisha. Nimeirudia hoja hiyo mara nyingi kichwani. Apple ina nguvu ya kumwambia muunganishaji wa Zhengzhou atumie mashine gani, lakini mbele ya sheria umbali wa mikataba mitano au sita unatosha kuikata kamba kati yake na shimo la Kolwezi.

Upande wa kaskazini-mashariki kuna madini mengine: bati, tantalamu, wolframu na dhahabu. Sheria ya Marekani ya 2010 inazitaka kampuni zitoe taarifa kila mwaka kama madini hayo yametoka Kongo au nchi jirani. Utaratibu wa kufunga lebo kwenye mifuko ulianzishwa. Lakini lebo ni kipande cha plastiki. Rubaya, katika Masisi, panakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, na mwaka 2024 waasi wa M23 walipateka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba koltani ya Rubaya, yaani mawe yanayotoa tantalamu, ilivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya Rwanda. Desemba 2024 serikali ya Kongo ilipeleka malalamiko ya jinai Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya kampuni tanzu za Apple. Apple ilikana vikali, ikasema ilikwisha waagiza wauzaji wake wasitishe kununua madini hayo kutoka Kongo na Rwanda. Waendesha mashtaka wa Ufaransa waliifunga kesi. Ubelgiji iliteua jaji wa kuchunguza.

Kujitoa kunaweza kuonekana ni jibu safi, na sidhani kwamba ni safi. Agizo la kusitisha linaandikwa kwa siku moja. Mchimbaji wa Masisi ambaye hana shamba wala kazi nyingine anabaki na mfuko wake, na mnunuzi anayebaki ni yule asiyejali lebo. Kubaki nako kuna damu yake. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba watu wa Rubaya hawakuulizwa.

Mkono unaofika hadi mezani kwa fundi

Sehemu inayokua haraka zaidi ya Apple leo haina madini wala viwanda. Huduma ziliingiza dola bilioni 96 mwaka 2024. Kwenye duka la App Store, Apple huchukua hadi asilimia 30 ya malipo mengi yanayofanyika ndani ya programu, au 15 kwa watengenezaji wadogo, katika nchi nyingi. Kesi ya Google huko Marekani ilifichua kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe injini ya kwanza ya kutafutia kwenye kivinjari chake. Ni kodi ya mlangoni, na Umoja wa Ulaya umeanza kuulazimisha mlango huo ufunguliwe.

Hata simu ikishauzwa, kamba haikatiki. Apple haina duka lake hata moja barani Afrika. iPhone nyingi zinazotumika Dar es Salaam au Nairobi zinafika zikiwa zimetumika, nyingi kupitia Dubai, na zikiharibika zinapelekwa kwa fundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue. Fundi anafungua, anaweka betri nyingine, anafunga, simu inawaka. Kisha kwenye mipangilio linatokea tangazo kwamba sehemu hii haitambuliki. Kwa miaka kadhaa, hata betri halisi iliyotolewa kwenye iPhone nyingine ilileta tangazo hilo, kwa kuwa kipuri na simu vimeunganishwa kwa namba. Baada ya malalamiko ya muda mrefu, mwaka 2024 Apple ilitangaza kuruhusu vipuri halisi vilivyotumika kwenye baadhi ya simu mpya.

Betri ya zamani, iliyovimba, fundi anaitupa kwenye kopo chini ya meza pamoja na nyingine. Ndani yake mna kobalti. Huenda ilitoka Kolwezi, ikazunguka China, Ulaya na Ghuba, na sasa imerudi Afrika. Atakapokuja mnunuzi wa vyuma chakavu atazipima kwa kilo, au hatakuja.